Kisima Nilichokichota Hadi Mwambani

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na harufu yake bado iko puani mwangu: mafuta ya taa ndani ya maji ya kunywa. Kaa chini nikuambie, na hiyo simu weka mfukoni. Jana nilipita nyuma ya kiwanda chako cha kuchapa mifuko, nikamwona mfanyakazi wako akimwaga ndoo nyeusi mtaroni. Nilitaka kukutukana. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Ilikuwa Wajir, miaka ya vita, serikali ilipotuita shifta sote, yaani majambazi wa porini, mwenye bunduki na mwenye ngamia. Watu walikuwa wamekusanywa nyuma ya seng'enge, visima vya nje vikapigwa marufuku. Ndani kilibaki kimoja tu, kifupi, kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa. Watu na mbuzi wote walikitegemea hicho.

Mimi nilikuwa na bahati, au ndivyo nilivyojiona. Nilijua kusoma, nikaajiriwa kwenye banda la kuchapia lililopakana na ile seng'enge. Tulichapa vipande vya ruhusa ya kutembea, na lebo za pakiti za sukari na majani ya chai. Nilivaa shati jeupe, nikatembea kifua mbele, na mfukoni nilikuwa na kipande changu mwenyewe cha kupitia langoni. Kila baada ya kazi nilisafisha rola na herufi za madini ya risasi kwa mafuta ya taa, kisha yale meusi nikayamwaga nyuma ya banda, upande wa kisima. Ardhi ya Wajir inakunywa upesi. Mara moja tu pamekauka, nami nikasema yamekwisha.

Asubuhi moja eeddo Dahabo, shangazi yangu, dada ya baba, aliniita kisimani mbele ya watu wote. Alikuwa na bakuli la mti mkononi.

"Waryaa! Wewe kijana! Hebu nusa."

Nikanusa. Wallahi, yalikuwa mafuta yangu ya taa. Mbuzi wake walikuwa wamegoma kunywa, na mtoto wa jirani alikuwa akitapika tangu alfajiri. Nikaanza kujitetea: ni kidogo tu, tena msimamizi ndiye aliyeagiza. Eeddo akacheka, kicheko kibaya.

"Msimamizi hanywi hapa. Desturi ya kisima unaijua: aliyekichafua anakichota mpaka kikauke. Vua hilo shati, shuka."

Nilishuka na shati langu mwilini, kwa kiburi tu. Nikachota hadi alasiri, nikakwangua mwamba kwa mchanga na kucha. Juu wanawake walipokea ndoo, wakaenda kuzimwaga mbali, huku wakiniita majina ambayo sitakutajia. Siku ile watu walishinda na kiu kwa sababu yangu. Hilo ndilo lililoniuma, matusi niliyazoea upesi.

Kesho yake nikamwambia msimamizi kwamba simwagi tena. Nitafuta rola kwanza kwa karatasi zilizoharibika, wino utoke kabla mafuta hayajaguswa. Mafuta nitayaacha yatulie kwenye debe, ya juu yaliyo safi tuyatumie tena, na tope la chini tulifungie kwenye kopo lenye kifuniko. Akaniuliza ni nani aliyenifanya bwana afya.

"Utamwaga," akasema, "au nichane kipande chako ukakae huko ndani na wenzako."

Bila kile kipande nisingevuka lango, hata kwenda kuwaona ngamia wa baba. Na ni mimi niliyekichapa kwa mkono wangu! Nikakitoa mfukoni, nikakiweka mezani.

"Chana, bwana. Maji ya mama zangu siyatii sumu."

Akakichana. Nikarudi nyuma ya seng'enge nikakaa siku nne, na usidhani sikuogopa. Lakini hakukuwa na mwingine aliyejua kupanga herufi. Foleni ya wanaotaka ruhusa ikafika barabarani, wakubwa wa msimamizi wakaanza kuuliza. Siku ya tano akatuma askari aniite. Nikakuta madebe mawili kando ya mashine, na vifuniko vyake. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Kitu cha kwanza nilichochapa kilikuwa kipande changu kipya.

Sasa wewe una mashine za umeme, unafungia bidhaa za nusu ya maduka ya Garissa, na mtaro wako unaishia mtoni Tana. Futa kwanza, osha baadaye. Mteja akitaka mfuko wa rangi sita, muulize rangi mbili zina ubaya gani. Tope la wino lina kopo lake, mto si kopo. Wakikuambia kila mtu anamwaga, waambie wao wamwage, wewe humwagi. Wakikutishia leseni, iweke mezani.

Siku kipande changu kilipochanwa, kisima kilikuwa kimeshajaa tena. Eeddo alichota, akanipa mimi ninywe wa kwanza, mbele ya wale wale walionitukana. Akasema, "Mungu akupe riziki isiyomtia mtu kiu." Dua hiyo nimeibeba miaka yote hii, leo nakukabidhi wewe, na useme amin.

Lakini kesho asubuhi nitapita tena nyuma ya kiwanda chako. Bakuli la eeddo bado ninalo, nitalichotea mtaroni kwako, nikupe unuse.