Fimbo ya Papa

Papa alikuwa shoferi wa lori, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamwibia jicho la kushoto. La kulia lilipoanza kuona vitu kama kupitia moshi, daktari alituambia kwamba mishipa ya ndani inavuja, na kuna mashini ya mwanga, leza, inayoichoma mpaka ijifunge. Papa alisikia neno moja tu: kuchoma.

"Moto wa volkano ulikula nyumba yangu ya mtaa wa Mapendo," akafoka. "Jicho langu hautalipata!"

Waasi walikuwa wamefunga barabara ya Rutshuru, kwa hiyo hakuwa na safari. Akakaa mlangoni akichonga fimbo ya upofu wake. Ile fimbo ilinikasirisha kuliko vita.

Mama ndiye aliyempeleka. Alificha chupa ya maji ndani ya kitenge, ili jicho likishika moto alizime. Daktari hakucheka. Alisema mwanga huo haurudishi kilichopotea, unalinda kilichobaki. Papa akaweka kidevu kwenye mashini. Cheche za kijani, dakika chache, basi. Yale maji Mama akayanywa mwenyewe, yote.

Tulingoja giza miezi mingi. Halikuja. Siku moja nikachukua ile fimbo bila ruhusa, nikaifanya mti wa kushikilia nyanya za mama zilizokuwa zinaanguka.

"Wee mutoto, umeisimamisha kombo!" Papa akapiga kelele kutoka mlangoni, ng'ambo ya kiwanja.

Niliiacha vilevile, kombo, ili aendelee kunikaripia.