Ubavu wa Kulia wa Nyundo

Mwenye bucha la kona walimwita Nyundo, na si kwa kugonga misumari. Nusu ya wanaume wa mtaa walishawahi kuokota meno yao mbele ya bucha hilo.

Basi Nyundo akapata binti. Mtoto akawa wa njano, ngozi mpaka macho, na choo cheupe kama chokaa. Mkewe alitaka hospitali, Nyundo akacheka. Ng'ombe aliyeshiba majani mabichi ana mafuta ya njano, alisema, kwa hiyo binti yake amenona. Wiki zikapita akimwonyesha kwa wateja kama paja la ng'ombe.

Walipofika kwa daktari, nyongo ilishafanya ubaya. Mifereji ya kuitoa ilikuwa imeziba, nyongo ikarudi ndani kulichoma ini. Ini ni kiungo kibishi, daktari alieleza. Likiumia, huota upya. Lakini la mtoto huyu, kila chembe changa ilizaliwa motoni, na makovu yakaikaba koo. Mapema wangezibua njia. Sasa lilibaki moja tu: kumpa kipande cha ini la baba. La baba lingeota tena, mradi afike nalo zima.

Mkesha wa kulazwa, kaka wa mkewe, mpakia mizigo mwenye mabega ya kabati, aliingia buchani. Alikuwa amesikia habari ya mafuta ya njano. Hakusalimia. Ngumi ya kwanza ilimbamiza Nyundo kwenye ndoana za nyama. Ya pili ikampasua nyusi, damu ikamwagikia mbavu za kuuza. Wateja wakarudi nyuma kumpisha maiti mtarajiwa, yaani shemeji.

Nyundo alikuwa na kisu mkononi. Akakidondosha, akajikunja, mikono yote miwili ikakumbatia ubavu wa kulia.

"Pigana basi," shemeji alifoka. "Au ubabe wako ni kwa kichanga tu?"

Nyundo akatema jino. "Piga uso, shemeji. Uso ni wangu, na ni haki yako. Huku kulia usiguse. Huku ni kwa mpwa wako."

Ngumi ilishapaa. Ikatua hivyo hivyo, maana shemeji si malaika, ikavunja pua. Kisha akamwinua na kumpeleka hospitali taratibu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Muuguzi aliuliza nani kampiga. Nyundo akaonyesha kwa kidevu yule aliyemshika mkono. Daktari aligomba, akaahirisha, akapima. Ini lilikuwa zima.

Siku kadhaa baada ya upasuaji, shemeji aliingia wodini mbio na nepi iliyofunuliwa.

"Kahawia, shemeji. Tazama rangi."

Nyundo, ambaye pua yake haikunusa chochote kwa hisani ya huyo huyo, akaomba asogezewe karibu zaidi.