Sanduku la Kengele

Harufu ya ukindu unaochemshwa rangi hunirudisha uani kwetu, penye sanduku lililoleta kengele ya kanisa letu jipya kutoka kwa Wakristo wenzetu wa ng'ambo. Padri alitaka kulipasua liwe kuni. Mama akamzuia.

“Sahani ya jirani hairudi tupu, Baba Padri.”

“Lakini wao hawakudai kitu, mama.”

“Ndiyo maana tunawapa.”

Wanawake wa mtaa mzima, wa kanisani na wa msikitini, wakasuka mikeka. Ikajaa sandukuni hadi kifuniko kikakataa kufunga. Mama akajifunga khanga vizuri, akakikalia kwa uzito wake wote.

“Haya, pigilia.”

Na padri, misumari mdomoni, akapiga magoti miguuni pa mama yangu.