Mikate ya Viazi Iliyorudi Kabla ya Adhana

Nina siku moja ya Ramadhani ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na mke wangu asisikie hili. Siku hiyo nilipanda kilima cha Kasubi mbio, unga umenijaa mpaka kwenye nyusi, nikiliomba jua lisubiri kidogo tu kabla ya kuzama.

Wewe unanijua. Kama hunijui, nenda sokoni Nakivubo umuulize yeyote anayeuza chai, atakwambia habari za mikate ya viazi ya Kato. Shule niliacha darasa la nne, na leo wenye digrii zao wanapanga foleni dukani kwangu Bugolobi kusubiri nifungue mlango. Sijisifu, nasema kilichopo. Haya basi, najisifu kidogo, nimefanya kazi.

Lakini wakati huo sikuwa na duka wala tanuri. Tanuri lilikuwa la Hajati Safina, mjane wa Kinubi aliyezaliwa kambini kwa sababu babake alikuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, cha amri, hata akikuuliza umekula. Alinikuta nabeba magunia ya unga sokoni, akanipa kazi, akanifundisha kukanda. Tulikuwa wawili pale: mimi, na Papa Musafiri, Mkongo wa Bukavu, mtu wa kanisa, mikono kama majembe, aliyenizidi umri na hakuchoka kunikumbusha hilo.

Mwaka huo dada mmoja wa mtaani, Rozi, alirudi kutoka Dubai. Kule alikuwa analala chumba kimoja na mwanamke wa Ufilipino ambaye kwao walikuwa waokaji. Rozi akanieleza mkate wao: viazi vitamu vinapondwa na kukandwa ndani ya unga, halafu katikati unajaza viazi vingine vilivyopikwa na maziwa na sukari mpaka vinaachana na sufuria, unaviringisha kila donge kwenye chenga za mkate mkavu, ndipo unaoka. Akasema Dubai walitumia siagi, lakini huyo rafiki yake alikuwa anasikitika, maana kijijini kwao mama yake alitumia mafuta ya nguruwe, na mkate ulikuwa laini kama pamba.

Mwanangu, mimi niliposikia hivyo nilisikia neno moja tu. Pamba.

Nilijaribu kwanza na mafuta ya kawaida ya kopo. Viazi nilivifunga kwenye majani ya ndizi nikavipika kwa mvuke, kama mama alivyonipikia, vikatoka na maji mengi, unga ukawa uji. Papa Musafiri alichungulia karai akacheka mpaka akakaa chini.

"Weye Kato, hii ni mukate ao ni supu? Viazi ya kutoka shambani leo uko na maji. Iache kwenye jua siku ine, tano, halafu uchome, usipike na majani."

Sikupenda kufundishwa, lakini nilifanya. Mkate ukasimama. Ulikuwa mzuri. Ila haukuwa pamba, na mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo, nikishataka kitu sipati usingizi. Kwa hiyo nilikwenda kule wanakochoma nguruwe, nikarudi na kopo moja la mafuta meupe, nimelifunga kwenye gazeti. Ndani ya tanuri la Hajati! Kwenye trei za Hajati! Mwezi wa Ramadhani! Nilijiambia mikate yenyewe ni ya wateja wangu wa sokoni, Wakristo watupu, na trei nitaziosha na sabuni, nani atajua. Ukijisikia unajiambia maneno hayo, nani atajua, simama hapo hapo. Mimi sikusimama.

Mikate ilitoka saa kumi na moja na nusu jioni. Nisikudanganye: ilikuwa ya ajabu. Juu imeiva rangi ya udongo, ndani rangi ya chungwa, ukibonyeza inarudi juu polepole. Papa Musafiri alikula mmoja, akanyamaza, akala wa pili. Kutoka kwa mtu yule, kunyamaza ni medali.

Ndipo Hajati akaingia. Alikuwa na saumu, midomo imekauka, akasimama mlangoni akivuta harufu.

"Kato! Nini hii umetengeneza?"

"Mkate wa viazi, Hajati. Wa Kifilipino."

"Leo nina wageni wa futari. Wazee wa familia wote, na shehe. Nilikuwa nafikiri nitawapa nini." Akachukua kapu, akaanza kupanga mikate yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kama mayai. "Huyu kijana! Niliokota sokoni, sasa ona. Nitawaambia kwamba ni mkono wako."

Hapo, mwanangu, ndipo palikuwa mahali pa kufungua mdomo. Maneno mawili tu yangetosha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunisifu mbele ya mtu mwingine tangu nizaliwe, na sifa ile iliniingia kama maji ya baridi. Nikatabasamu. Nikasema, "Ni mkono wangu kweli, Hajati." Akafunika kapu na kitambaa, akaondoka.

Papa Musafiri akaanza kufagia, akalikuta lile kopo chini ya meza. Akanusa.

"Hii ni mafuta ya nini?"

Nikajifanya napanga trei.

"Kato. Hii ni mafuta ya nini?"

"Ya nguruwe."

Aliweka mikono kichwani. Mimi nikaanza kusema haraka haraka, kwamba wao hawajui ladha yake, kwamba nikisema nitafukuzwa, nitarudi kubeba magunia, kwamba kitu mtu asichokijua hakimuumizi. Alilisukuma lile kopo mbele yangu. Halafu akasema, "Ule mama alikutoa kwenye magunia. Leo utamulisha hii, na kesho utamuangalia kwenye macho namna gani?"

Nikakimbia kwenda nyumbani kwa Hajati, juu ya kilima cha Kasubi. Bodaboda zilikuwepo lakini mfukoni sikuwa na kitu, na nadhani hata ningekuwa nacho ningekimbia tu, maana miguu ilikuwa imeshaanza. Watu walinipisha wakidhani nimeiba.

Nilifika jua likiwa jekundu. Mlango ulikuwa wazi. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka, tende mbele yao, uji, na katikati sinia ya mikate yangu. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alikuwa ameshaugawa wake vipande viwili, ameushika mkononi, anasubiri adhana. Nilimwona ananusa kile kipande na kutabasamu.

"Hajati," niliita nikiwa nje. "Hajati, njoo."

Akaja mlangoni. "Umefuata sifa? Ingia, kula."

"Hiyo mikate isiliwe."

"Imeharibika?"

"Ina mafuta ya nguruwe. Niliweka mimi. Nilijua."

Sitasahau uso wake. Haukukasirika, ulizima. Akauliza swali moja: "Kuna Mwislamu amekula?" Nikasema hakuna, ni mimi na Musafiri tu. Akageuka, akaingia ndani, akanyanyua sinia nzima bila haraka, akakitoa kile kipande kwenye mkono wa mzee na kumwambia, "Baba, samahani, huu si wa kuliwa. Nawa mikono, uanze na tende." Wazee wakamtazama, wakaanza kunawa. Akaleta sinia nje, akaniwekea mikononi.

Na hapo hapo, wallahi, hata mimi nisiye Mwislamu, adhana ikaanza.

Nilikaa chini kwenye ngazi yake nikalia kwa furaha, mtu mzima, sinia mapajani. Hakuna aliyekula. Sijawahi kupumua pumzi tamu kama ile, na sasa nina maduka mawili.

Hajati alipomaliza tende yake alitoka na bakuli la uji, akanipa. Alisema: "Ningekula bila kujua, Mungu asingenihesabia. Mzigo ungekuwa wako, na mimi ningeendelea kukusifu, na kila sifa ingekuchoma. Umekuja mwenyewe. Kwa hiyo kesho uje kazini. Trei utaosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yetu inavyotaka, na meza na makarai pia."

Niliosha. Papa Musafiri alisimama akihesabu kwa sauti, "Moya! Mbili!", na kila akifika tano alijifanya amesahau, tunaanza tena. Wiki iliyofuata Hajati alileta kopo la samli kutoka Mbarara, akaliweka mezani. Kwa samli ile, na viazi vilivyokaa juani, mkate ulikuwa laini kushinda ule wa kwanza. Ndio huo huo ninaouza leo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu unayeanza kuwapikia watu. Anayekula chakula chako amekukabidhi tumbo lake na imani yake, na hawezi kuona ulichoweka ndani. Mwambie. Mwambie kabla hajauliza, hasa akiwa anakusifu, maana hapo ndipo mdomo unakuwa mzito. Na kama umeshakosea, usikae kupiga hesabu ya utakachopoteza. Kimbia ukaseme wakati chakula bado kiko kwenye sinia.

Mungu akupe mikono yenye kazi na wateja wenye njaa. Akupe mtu wa kukuuliza swali mara mbili ukikataa kujibu mara ya kwanza. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akufikishe mlangoni mapema.