Ratiba ya Kivuko Iliyochekesha Kundi Zima

Leo nimegundua nina msomaji mmoja tu.

Kila asubuhi naweka humu kwenye kundi letu linki ya hadithi za utani zinazoandikwa na mashabiki kuhusu ile tamthilia yetu. Leo nimekosea, nikabandika ratiba ya kivuko cha Kamanga.

Dakika mbili hazijaisha:

"Nimecheka hadi machozi!"

"Admini, utatuua wewe!"

Ratiba ya kivuko, jamani.

Baadaye akaibuka Mama Neema, muuza dagaa wa Kirumba, ambaye hajawahi kuandika neno humu:

"Mwanangu, mbona naona saa za kivuko tu? Yule daktari wetu wa kwenye tamthilia kaoa au bado?"

Nikamwamkia, nikamtumia linki sahihi yeye peke yake.

Nyie wengine endeleeni kucheka.