Sanduku la Harusi na Meli ya Kanga

Chekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nimezoea, ila siku ile pale Mlandege ningepata shimo ningeingia na kofia yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, niko Mbeya nauza dukani kwa mzee mmoja, nimechumbia Iringa, binti anaitwa Zuhura, na kwetu sisi wenye babu wa pwani bwana harusi hupeleka sanduku la kanga, viatu na manukato, wanawake wakalifungua na kunyanyua kitu kimoja kimoja mbele ya watu. Vyangu niliviagiza kupitia dukani, vikaja na meli, na meli ikafika Dar es Salaam ikakuta gati zimejaa, ikatia nanga nje kungoja zamu yake. Kila lori likifika kutoka Dar es Salaam namkimbilia dereva.

"Bado inaelea," ananiambia. "Bandari imejaa pomoni."

Harusi ikakaribia, meli inaelea. Basi nikakata shauri dogo tu: juu nitandike doti mbili za kanga zilizobaki dukani, chini nijaze blanketi langu na kaptula za kazini ili sanduku lisipwaye, nilitie kufuli, na ufunguo niseme nimeusahau Mbeya. Mzigo ukifika, najaza kimyakimya. (Nilijiona nina akili, wallahi.)

Tukafika Mlandege, mtaa wa kina Zuhura pale Iringa, shangazi yangu, ambaye hakujua lolote, kalibeba kichwani kwa ngoma na vigelegele. Wanaume tukabaki barazani na kahawa. Nikatoa hadithi yangu ya ufunguo. Bi Mwanaidi, mama yake mdogo Zuhura, wala hakununa. Akafungua pindo la kanga yake akatoa ufunguo wake mwenyewe.

"Usihangaike, baba. Masanduku haya na kufuli zake yalikuja shehena moja, ufunguo ni ule ule. Mlandege nzima tunafunguliana."

Akarudi kwa wanawake. Ndani kikapigwa kigelegele, doti ya kwanza. Kikapigwa kingine, doti ya pili. Cha tatu kilianza vizuri kikafia njiani. Kisha Bi Mwanaidi akatoka ameshika kaptula yangu, ile yenye viraka makalioni, akaiinua mbele ya baba mkwe na wazee wote wa msikitini.

"Na hii ni ya bibi harusi?"

Baba mkwe akaweka kikombe chini. Nikajua mke nimemkosa. Nikaeleza yote, meli, gati, dereva, machozi yananilenga. Mzee akageukia dirisha la chumba alimokuwa bintiye.

"Zuhura, umesikia. Tulirudishe?"

Sauti yake ikatoka dirishani, taratibu: "Sanduku libaki, baba. Kaptula mrudishieni, kazini atavaa nini?"

Baraza zima likaangua kicheko, na baba mkwe naye.

Kanga zilifika Zuhura ana mimba ya kifungua mimba wetu, zinanuka chumvi, moja ikawa mbeleko. Sasa hayupo, Mungu amrehemu, na ile sauti ya dirishani naitamani kuliko kitu chochote. Sanduku ninalo bado, halina kufuli. Wajukuu wakienda kuchumbia nawaambia hivi: kama meli bado inaelea, semeni inaelea.