Zumari Iliyomsema Mwenye Kilabu

Saa tisa alasiri, Jumapili, ufuoni Shelly Beach. Mbeyu Matano amefunika sikio moja kwa hedifoni, la pili ameliachia umati. Mkono wake wa kushoto hautulii: unapandisha besi, unaishusha, unaipandisha tena. Macho yake hayatazami nyuso za watu. Yanatazama miguu.

“Uso hudanganya,” anasema bila kugeuka. “Mtu atakuchekea huku anatafuta kiti. Lakini mguu ukichoka hauna adabu, unaondoka tu.”

Miguu haijaondoka. Mbeyu anapiga amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, kilabu kizima kinaruka, na yeye mwenyewe, anayewarusha, anaficha mwayo nyuma ya kiganja.

“DJ! Ongeza moto! Usitulaze!” anapaza sauti Bramwel, karani wa depo ya makontena huko Changamwe, ambaye huvuka kwa feri na wenzake kila Jumapili. “Tumekuja kuchizi, si kusinzia!”

“Moto upo, kaka. Ngoja nikakutafutie kuni,” Mbeyu anamjibu kwenye kipaza sauti. Watu wanacheka. Yeye hacheki.

Mbeyu, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, ni mzaliwa wa Bofu, Likoni. Siku za kazi huuza vifuniko vya simu katika kibanda kilicho karibu na kituo cha magari. Ni humo, kwenye kompyuta kuukuu ya binamu yake, alimojifunza kuchanganya muziki.

Kila Jumapili hulipwa shilingi elfu moja na mia tano, na sehemu ya fedha hizo humpelekea mamake. “Hizi ni za kilabuni au za vifuniko?” mama huuliza. “Za vifuniko, mama,” Mbeyu hujibu. Wote wawili wanaujua ukweli, na fedha hupokewa.

Leo ana zaidi ya ujira wa kupoteza. Mwenye kilabu, Mzee Thoya, anatafuta DJ wa kudumu wa Jumapili, naye amempa Mbeyu Jumapili tatu za majaribio kwa sharti moja tu: watu wakikaa, ameshindwa. Hii ni ya tatu.

Jumapili ya kwanza Mbeyu alipiga anachokipenda. Hupenda sengenya, ngoma ya Wadigo, kwa upatu wake na zumari yake. Aliirekodi kwa simu harusini kwa jamaa za mamake, akaikata zumari peke yake, kisha akaitandikia besi nzito ya polepole. Watu walianza kukaa kabla wimbo haujafika nusu, naye akanusurika kwa kukimbilia nyimbo za redioni.

Jumapili ya pili alipiga walichotaka wao, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyekaa.

“Nilirudi nyumbani nikahisi nimeshinda kutwa katika nguo za mtu mwingine,” anasema. “Walipiga makofi, lakini sikujua makofi yale ni ya nani. DJ yeyote angeyapata. Ikilia ile zumari, ndipo mimi husikia mji wangu ukizungumza.”

Lakini kilabuni leo kuna manung’uniko ambayo hayahusiani na muziki. Tangu Ijumaa gari la matangazo la Mzee Thoya limezunguka Likoni likiahidi pilau ya bure kwa kila atakayefika. Kilichopikwa ni sufuria moja. Kufikia saa nane ilikuwa imekwanguliwa, na wageni bado wanaingia na njaa zao. Kwenye meza za ukutani, wanakokaa wenyeji, sahani tupu zimepangwa kama ushahidi.

“Dakika tatu tu,” Mbeyu anajiambia. “Wakianza kukaa, nawarudishia amapiano.” Anaishusha besi. Zumari inapanda.

Miguu inasita. Bramwel ameachwa na mikono hewani, hajui aishushe au aiache huko. Mara, kwenye meza za ukutani, mama mmoja anaangua kicheko, kisha mwenzake anasimama, anajifunga leso kiunoni na kunyoosha kidole kaunta, alikosimama Mzee Thoya. Anaifuata zumari kwa sauti:

“Katuita kwa mbiu, kumbe chungu ki tupu!”

Meza nzima inaitikia. Sahani zinageuzwa upatu, zinagongwa kwa vijiko. Wenyeji wote wako wima. Wageni wa kutoka bara hawajui kinachochekwa, lakini mzaha unaochezwa kwa kiuno hauhitaji mkalimani, nao wanajitosa. Bramwel anaimba kuliko wote, kwa maneno aliyoyasikia yeye: “Katuita kwa Mbeyu!”

Mbeyu anatabasamu kwa mara ya kwanza mchana kutwa. Dakika tatu zinakuwa kumi na tano. Anaamini kwamba hatimaye wameipenda sauti yake.

Bi Zuleikha, mpishi wa kilabu, anatoka jikoni akijifuta machozi ya kicheko kwa pindo la aproni.

“Shikamoo, Bi Zuleikha. Mbona wacheka?”

“Marahaba. Mtoto wewe una moyo, wallahi! Kumwambia Thoya maneno hayo mbele za wageni wake?”

“Maneno gani? Hamna maneno humu, ni zumari tupu.”

“Zumari tupu!” Bi Zuleikha anashika kiuno. “Zumari ya sengenya haisemi ovyo, mwanangu. Hiyo humsema mwenye shughuli akialika watu asiwashibishe. Tuliokulia huku twaijua tangu utotoni. Kwani wewe ulidhani yalia tu?”

Ule mkono wa kushoto unasimama.

Kwa miaka miwili Mbeyu ameupenda wimbo huo asijue unasema nini. Ameufanyia kazi kibandani, ameuvumisha puani akioga, ameuvumisha hata mezani kwao usiku.

“Ndiyo maana mama huniambia, ‘Kama chakula hakikutoshi, sema kwa mdomo,’” anakumbuka, na kicheko kinamtoka nusu. “Nami nikidhani ananionea.”

Jua linapopungua na muziki kuzimwa, Mzee Thoya anamfuata kwenye mashine.

“Mwanangu, hukuona njia nyingine? Umenisengenya kwa spika zangu mwenyewe, kwa umeme ninaoulipia mwenyewe!”

“Niwie radhi, mzee. Wallahi, sikujua maneno yake.”

“Hukujua? Msichana wa Bofu?”

Mbeyu anasema swali hilo lilimchoma kuliko tusi. “Angenifukuza ningeelewa. Lakini alinishangaa. Mimi niliyekuwa nikiwaona wachezaji wa amapiano kuwa hawana masikio.”

Mzee Thoya, hata hivyo, ni mtu wa neno lake. “Sharti langu lilikuwa watu wasikae, na hawakukaa. Jumapili ni zako,” anamwambia. “Lakini kila zumari utakayoileta hapa, kwanza uje uniambie inasema nini. Usipojua, usipige.”

Hivyo Mbeyu amepata alichokitafuta, na utulivu haukuja nacho. Simuni mwake zimo rekodi nyingi za zumari, na ukiondoa hii ya leo, hakuna hata moja ambayo anayajua maneno yake. Anazizungusha nyaya mkononi, anazikunjua, anazizungusha upya.

Kesho, akifunga kibanda, atakwenda Mtongwe kwa mjomba wa mamake, mpigaji wa zumari hizo, amchezee rekodi moja baada ya nyingine na kuuliza kila moja inamwambia nani, na kwa kosa gani. Imo moja ya mwendo wa taratibu anayoipenda kuliko zote. Anaiogopa hiyo.

“Ikiwa maneno yake ni ya kilio cha watu, sitaipiga, hata ikiwa kilabu kizima kitaruka,” anasema.

Na ikiwa ni maneno ya heri, ila wachezaji wakaketi?

Mbeyu anaufunga mkoba wa mashine, anauning’iniza begani.

“Wakae,” anasema. “Safari hii nitajua ni neno gani lililowakalisha, na Jumapili itakayofuata nitawapigia jibu lake.”